Unga wa Pindoni

Benchi la nje ya ofisi ya mkuu wa shule lilikuwa na mguu mmoja mfupi, na kila Somoe alipojisogeza lilimgongesha ukutani. Akaacha kujisogeza. Alikuwa pale tangu saa mbili asubuhi na sasa ilikuwa inakaribia saa tano. Barua ameikunja mara nne kiganjani, imelowa jasho mpaka wino wa muhuri umeanza kumpaka zambarau vidoleni.

Barua ilimtaka afike Jumanne, tarehe ishirini na moja, saa tatu kamili, mbele ya bodi ya shule, kuhusu mwanawe Husna wa kidato cha nne "kukutwa na unga unaodhaniwa kuwa dawa za kulevya". Iliandikwa tarehe tisa. Ilimfikia tarehe ishirini, jana yake jioni, kwa mkono wa kijana wa bodaboda aliyeapa kwamba amekabidhiwa siku hiyohiyo. Siku kumi na moja barua ilikuwa imelala wapi? Kutoka Mtwara mjini hadi kwao Mahurunga hata mtu anayetambaa angekuwa ameshafika.

Aliondoka alfajiri akaacha korosho zimetapakaa chini ya mikorosho, na korosho ikishaanguka haimsubiri mtu. Njia nzima, vumbi likimjaa machoni nyuma ya bodaboda, alikuwa akimfanyia mwanawe kesi. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Likizo ya mwezi wa sita Husna alikuwa akilala mchana. Alikuwa akicheka peke yake jikoni. Halafu zikaja siku mbili nzima hakucheka kabisa, akajikunja mkekani amewapa watu mgongo. Mambo ambayo mwezi wa sita yalikuwa ya mtoto anayekua, leo yote yaligeuka ushahidi. Somoe alijichukia kwa kuyahesabu, na akaendelea kuyahesabu.

Ukutani mbele yake palikuwa na kalenda kubwa ya wauza pembejeo, yenye picha ya mkulima anayecheka. Chini yake ilichungulia karatasi nyingine, ya zamani, iliyogeuka manjano. Somoe husoma polepole, kama anayechambua mchele. Alisoma: "Kila mwanafunzi ana haki ya kusikilizwa kabla ya..." Maneno mengine yalikuwa nyuma ya mkulima. Akatazama huku na huku, akainuka, akaipandisha kalenda kwa kidole. "...kabla ya kuadhibiwa, akiwa na mzazi au mlezi wake, na kuelezwa kosa lake kwa maandishi."

"Mama, usiguse vitu vya ofisi," karani alimwambia kutoka dirishani.

Akaiachia. Mkulima akarudi mahali pake, anacheka.

Ndipo Husna alipopitishwa. Mlinzi alikuwa mbele, yeye nyuma, sweta la shule amelivaa joto lote lile, mkono mmoja ameubana tumboni. Macho yalikuwa mekundu. Somoe aliyatazama yale macho na moyo ukampasuka, maana hakujua kama ni ya kulia au ni ya kitu kingine.

"Husna!"

"Hakuna kuongea, mama," mlinzi alisema. "Mtaongea ndani."

Ndani walikaa wanaume watano kwenye meza ndefu yenye chupa za maji. Kiti cha sita kilikuwa kitupu. Kilikuwa cha mjumbe mwanamke, na mkuu wa shule, Mwalimu Isaya, alitangaza kwamba mjumbe huyo ana udhuru. Mwalimu Isaya alikuwa mtu wa kutoka bara, mwaka wake wa pili Mtwara, mwenye sauti ya taratibu ya mtu asiyewahi kukatizwa. Katikati aliketi mwenyekiti, Bwana Zuberi, ambaye kila mkulima wa ukanda ule alimjua kwa gari lake jeupe na maghala yake. Pembeni kabisa, kofia ya kiua kichwani, alikuwa Mzee Sudi wa kijiji cha pili kutoka kwao. Somoe alipomwona Mzee Sudi alipata nguvu kidogo. Mtu wa kwao huyo.

"Shikamooni," alisema.

"Marahaba. Kaa, mama," alisema Bwana Zuberi. "Hatuna muda mrefu."

Mwalimu Isaya alifungua jalada. Alisoma kwamba Jumatano ya tarehe nane matroni wa hosteli alikagua chumba namba sita baada ya kusikika harufu ya bangi. Kwamba katika begi la mwanafunzi Husna palikutwa kifurushi cha unga. Kwamba mwanafunzi alipotakiwa kueleza ni unga gani, alikataa. Kisha akatoa bahasha ya kaki, akaitingisha, na kifurushi kikaangukia juu ya meza.

Kilikuwa kitambaa kidogo kilichofungwa kwa uzi mwekundu wenye mafundo matatu.

Somoe alikitambua kabla hakijatulia. Kilikuwa kipande cha pindo la kanga yake mwenyewe. Alikichana kwa meno miaka mitatu iliyopita, siku unyago ulipokwisha na Husna akatolewa ndani, ngoma zikilia na yeye akipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Bi Mwanaidi, somo wa Husna, kungwi aliyemfunda, ndiye aliyeufunga uzi ule. Ulikuwa unga wa mzizi, wa kulamba kidogo kila mwezi tumbo linapokata. Na Bi Mwanaidi alimwapisha mwali mbele ya wanawake wote: hautajwi mbele ya mwanamume, hautajwi mbele ya asiyechezwa. Ukiutaja, tumbo linafunga, huzai. Somoe naye aliitikia kiapo hicho kwa sauti yake mwenyewe.

Furaha ilimjaa hata akasahau alipo. Mwanawe si mvutaji! Zile siku mbili za mkekani zilikuwa tumbo tu, tumbo lilelile lililomsumbua yeye alipokuwa msichana. Kumbe njia nzima alikuwa anamsingizia. Kisha akamtazama Husna, akaona midomo ilivyobanwa, akaelewa. Mtoto alikuwa tayari kuikosa shule kuliko kuivunja ahadi aliyofundishwa na mama yake.

"Husna," alisema Mwalimu Isaya, "nakuuliza kwa mara ya mwisho. Hii ni nini?"

Kimya.

"Umebakiza wiki nne ufanye mtihani wa taifa. Hii ni nini?"

Husna alitazama sakafu. Mkono haukutoka tumboni.

"Andika," Bwana Zuberi alisema. "Mtuhumiwa amekaa kimya mbele ya bodi. Asiyekana amekubali."

"Nnaomba neno," Somoe alisema. "Mwenyekiti, nnaomba mniitie matroni. Au mwalimu yeyote mwanamke. Nimnong'oneze yeye, kisha yeye awaambieni."

"Matroni yuko likizo."

"Basi mke wa mwalimu. Mpishi. Mwanamke yeyote."

"Mama, hapa hakuna mambo ya wanawake," alisema Mwalimu Isaya bila ukali. "Hapa kuna kanuni."

"Kama ni kanuni, huo unga umepimwa?"

Mjumbe mmoja aliacha kuchezea kizibo cha chupa. Bwana Zuberi alimtazama Somoe kwa mara ya kwanza, namna mtu anavyoutazama mguu uliomkanyaga.

"Majibu ya kupima huchukua miezi," alisema. "Shule isimame inasubiri?"

Jalada lilikuwa wazi mbele ya mwenyekiti. Somoe, aliyesimama sasa, aliiona orodha ya ukaguzi: mistari minne ya wasichana wa chumba namba sita, na mbele ya kila jina kilichokutwa. Mstari wa nne ulikuwa wa Husna. Mstari wa pili haukusomeka. Ulikuwa umepakwa dawa nyeupe ya kufutia wino, nene, imepasukapasuka kama chokaa ya ukuta.

"Hapo paliandikwa nini?" aliuliza.

Bwana Zuberi alilifunga jalada. "Mama, umeitwa kwa la kwako."

Hapo shaka ya Somoe ikahama. Ilikuwa imekaa juu ya mwanawe tangu jana jioni, na sasa ilinyanyuka ikatua mezani, juu ya chupa za maji na ule mkono mnene uliolalia jalada. Kesi ya nyani, hakimu ngedere. Hakujua ni jina la nani lililozikwa chini ya ile rangi nyeupe, ila alijua mzikaji.

Alimgeukia Mzee Sudi. Mabinti wawili wa Mzee Sudi walichezwa mwaka mmoja na Husna, kiwanja kimoja, chini ya somo mmoja. Vifurushi kama kile vilikuwa viwili nyumbani kwake, na yeye ndiye aliyempelekea Bi Mwanaidi kuku wa shukrani. Mzee Sudi alikuwa akisoma nembo ya chupa ya maji kwa makini ya ajabu.

Mficha uchi hazai. Somoe alivuta pumzi.

"Huo ni mzizi," alisema. "Ni wa tumbo la kila mwezi. Alipewa na somo wake siku tulipomtoa ndani. Kitambaa hicho ni pindo la kanga yangu."

"Mama!" Husna alilia. Lilikuwa neno lake la kwanza, na lilitoka kana kwamba amevuliwa nguo mbele za watu.

"Nyamaza, mwanangu. Dhambi ni yangu." Akawageukia wanaume. "Hata sasa nnaweza kuulamba mbele yenu. Haulevyi. Wanawake wote wa kwetu wanao. Mzee Sudi anaujua. Muulizeni. Mzee wangu, wasemeze hawa."

Wote wakamgeukia. Mzee Sudi aliivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Akimtazama mwenyekiti, si Somoe, alisema:

"Mimi mambo ya wanawake siyajui."

Mjumbe wa kizibo alicheka kidogo puani. Mwalimu Isaya alikuwa anaandika, na alipomaliza aliisoma sentensi yake kwa sauti, kwa haki, ili kila mtu asikie: "Mzazi amekiri kwamba unga huo ulitoka nyumbani kwake, kwamba alihusika kumpa mwanafunzi, na kwamba alijua mwanafunzi anautumia."

"Sikusema hivyo."

"Hukusema ulitoka nyumbani?"

"Nimesema, lakini..."

"Hukusema anautumia?"

 Kila neno alilolitoa Somoe walikuwa wameliokota, wakalinoa, wakamrudishia.

Waliambiwa wasubiri nje. Hawakusubiri hata dakika tano. Karani alitoka na bahasha iliyokwisha kugundishwa, akamsainisha Somoe kwenye daftari, akamwambia Husna avue sweta kwa sababu lina nembo ya shule. Alimrudishia na begi. Juu yake kiliwekwa kile kitambaa, kimefunguliwa, kitupu, uzi mwekundu ukining'inia.

"Uko wapi unga?" Somoe aliuliza.

"Umekung'utwa. Kikao kimeisha, mezani kunafutwa." Karani alishusha sauti, na kwa mara ya kwanza alikuwa mtu. "Nenda tu, mama. Usijitafutie mengine."

Nje ya geti malori ya korosho yalikuwa yamepanga foleni kuelekea bandarini, injini zikinguruma. Waliketi kwenye ukingo wa mtaro. Somoe aliifungua bahasha, akasoma polepole. Mwanafunzi amefukuzwa shule. Jina lake litaondolewa kwenye orodha ya watahiniwa. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: mzazi asiyeridhika ana haki ya kukata rufaa ndani ya siku kumi na nne tangu tarehe ya barua hii, akiambatanisha vielelezo vyake.

Barua ilikuwa ya tarehe kumi.

Aliirudia, kidole kikiwa juu ya namba. Kumi. Leo ni ishirini na moja. Walikuwa wamemfukuza Husna siku kumi na moja kabla ya kumsikiliza, na katika siku kumi na nne za haki yake walikuwa wamempa tatu.

"Mstari wa pili ulikuwa wa nani?" aliuliza.

Husna alikuwa bado hajamtazama. "Wa Mwanaisha. Mtoto wa dada yake Bwana Zuberi. Misokoto ya bangi ilitoka kwenye begi lake, matroni aliitoa mbele yetu sote."

"Na hukusema?"

"Nilimwambia Mwalimu Isaya siku ileile. Akaniuliza kama nina ushahidi, au nataka kumchafulia mtu mzima jina." Ndipo akamgeukia. "Mama, kwa nini uliutaja? Sasa itakuwaje kwangu?"

Somoe aliikunja barua. Angemwambia kiapo ni maneno tu? Yeye mwenyewe hakuamini. Angemwambia ilibidi? Ilibidi, na haikufaa kitu. Aligeuza kile kitambaa mkononi, na kidole kikahisi uvimbe mdogo kwenye pindo. Mshono ulikuwa umeachia kidogo, na ndani yake ulikuwa umejipenyeza unga, kiasi cha kulamba mara moja. Mkung'utaji hakuuona.

Alijua mara moja kilichokuwa mkononi mwake. Hicho ndicho kielelezo. Mahali fulani serikalini, mtu wa maabara angeweza kuutazama unga huu na kuandika kwamba ni mzizi.

Pembeni yake Husna alitoa mguno. Alijikunja mpaka paji la uso likagusa magoti, mikono miwili tumboni, vidole vimekakamaa.

"Tumbo," alisema kwenye magoti. "Limeanza tangu asubuhi. Mama, nipe dawa yangu. Kidogo tu."

Lori lilipita, vumbi likawafunika. Somoe alifumba kiganja ili upepo usije ukapeperusha kitu, na vumbi lilipotua alikuwa bado amekifumba.