Binti Sijambo

Usingizi unanikuta alasiri, kitabu cha picha kikiwa wazi mapajani. Ni kitabu cha Bwana Halden na mkewe, Wazungu waliozunguka nchi yetu enzi za mkoloni, mume akipiga picha, mke akichora kwa rangi. Kwenye ukurasa huu yupo mama yake Bibi, mtungi kichwani, na chini wameandika: Sijambo, mwanamke wa Lindi. Wajinga wale! Walimwuliza hujambo, akajibu kama mtu mwenye adabu zake, wakadhani amejitaja. Mama huyo alikufa Bibi akiwa bado ananyonya, na waliolijua jina lake wamekwisha wote. Sasa Bibi mwenyewe amelala nyuma ya pazia, hali si nzuri, na jana alinishika mkono. Mke mwenzangu, akaniambia kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, siku ya talakini, maiti anaposomewa kaburini, huitwa kwa jina la mama yake. Mimi niitwe binti Sijambo, malaika wanicheke kaburini? Nikamwambia shehe amesema jina likikosekana hutumiwa la Hawa. Hawa ni mama wa kila mtu, akasema, mimi namtaka wangu. Nikamwahidi nitalitafuta. Naukodolea macho ukurasa, ukurasa unanikodolea, kope zinalegea, na mguu wangu unaingia pichani.

Ni mguu wa kulia, lakini unatua wa kushoto, kwa sababu mji huu umegeuzwa. Bwana Halden aliichapa picha upande usio wake, na sasa msikiti uko ulipokuwa ufuo, watu wanakula kwa mkono wa kushoto bila haya, na maneno ya kanga yanasomeka kinyumenyume. Natembea. Barabara haiishi, nikifika mwisho wake nakuta ni ukingo wa karatasi, inakunjika, inaanza upya, safari hii kwa rangi, na rangi bado mbichi, inanata kwenye visigino. Mpagazi mmoja ananitangulia. Kamba za mzigo wake zimechorwa moja moja, hata mafundo, lakini uso hana. Mke wa Halden alipofika hapo alipitisha brashi ya kahawia akaenda kunywa chai. Kaka, namwuliza, wewe ni nani? Sijambo, anajibu. Na yule anayetwanga? Sijambo. Na yule mzee mwenye bakora? Naye Sijambo. Nahamaki. Mnanifanyia mzaha, na mimi nina mgonjwa nyumbani! Anacheka bila mdomo. Aliyeulizwa hali akabandikwa jina, ananiambia, lile la kwake lilikwenda wapi? Sijui, nasema. Lilikwenda kwa asiyejua kusema, anajibu, na barabara inajikunja inammeza yeye na mzigo wake.

Hapo nasikia mtoto analia. Naifuata sauti, mara iko mbele, mara iko nyuma ya ukuta uleule nilioupita, mpaka natokea uwanjani, jua la utosini, na yeye amesimama na mtungi wake. Uso anao, ni uso wa Bibi kabla ya mikunjo. Kwa umri ni mdogo kwangu, nasitasita nani amwamkie nani, halafu nainama. Shikamoo, bibi. Marahaba, mjukuu, anasema bila kuchezesha midomo, maana ameambiwa asitikisike. Huu mtungi si wangu, anasema, mimi maji nachota kwa debe. Ameununua huyu mama mchoraji, eti unanipendeza. Na mwanangu wamemshusha mgongoni, wanasema anafurukuta, anaiharibu picha. Msikie! Namwona mtoto pembeni, pale picha isipofika, vumbini, amelia mpaka sauti imekauka. Namjua ni nani. Moyo unaniuma, na hasira zinanipanda. Bwana Halden amejifunika kitambaa cheusi, anasema kwa Kiswahili chake kibovu, hapana tikisa. Mkewe anakoroga rangi, haangalii upande ule.

Bibi, nakuomba jina lako, nasema, mwanao analitaka. Nitamwambia mwenyewe, anajibu. Nishikie nafasi kidogo nikamnyonyeshe. Niambie kwanza, bibi, tafadhali! Akinyamaza, anasema, nitakuja nikwambie na wewe. Mtoto anapaliwa na kilio. Nibishane na nini? Naupokea mtungi, najitwika kichwani, na yeye anatoka mbio, kanga ikimwanguka, anauruka ule ukingo mweupe wa picha.

Nashtuka. Niko kwenye kiti, kitabu kimeanguka sakafuni, mlango umefungwa kama nilivyoufunga. Nyuma ya pazia Bibi anaongea na mtu. Anacheka kicheko ambacho hajakicheka tangu alipougua. Kumbe, anasema, kumbe ndilo jina lako, mama, mbona zuri hivyo! Analitaja, lakini kwa sauti ya chini, kwa raha zake, na mimi silipati. Bibi, naita, lirudie, nimwambie nini shehe? Nataka kuinuka, shingo haigeuki, utosi umelemewa, na sijui kama bado naota au nimeachwa kule pichani, nimesimama na mtungi. Nyuma ya pazia pametulia, utulivu wa mtoto aliyeshiba, na siwezi kwenda kuangalia.