Pipa la Mkate Uliochacha

Kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri mimi hufungua pipa nyuma ya nyumba, hunusa, kisha hukoroga kwa mpini wa kasia kuukuu. Harufu ikiwa kama ya unga ulioumuka vizuri, najua hamira inafanya kazi. Ikinuka kama mayai viza, namwaga.

Siku hiyo sikuwahi kukoroga. Ami Shaaban, mdogo wake Baba, alikuwa anavuta futi kamba ukingoni mwa bwawa letu la samaki.

"Pima mpaka kwenye mlango wa maji," Baba alimwambia, bila kunitazama.

Nikaelewa kwamba bwawa linaenda kwa Ami. Chakula cha sato kilikuwa kimepanda bei tena, na Ami alishasema hapa Kafr el-Sheikh watu bado wanaoana, hivyo bwawa likifukiwa litafaa ukumbi wa harusi.

"Sabahal kheri, dokta wa pipa!" Ami akacheka. "Leo umetupikia nini?"

Baba alisogea akachungulia ndani ya pipa. Uso ukambadilika. Alitumbukiza mkono, akatoa kipande cha mkate kilichovimba, akakibusu na kukigusisha kwenye paji la uso, kama tufanyavyo tukiukuta mkate chini.

"Rawya, unaozesha neema ya Mungu?"

"Ni makombo, Baba. Ya tanuri la mkate na ya mgahawa wa maharage. Yangetupwa mferejini."

"Haji, hii ni pombe," Ami alimchochea Baba. "Samaki wataanza kuimba."

Mimi huwa naishiwa maneno mbele ya watu, lakini mkate ule mkononi mwa Baba uliniuma.

"Ami, kila sikukuu ya Sham el-Nessim unakula fesikhi mpaka mkia," nikasema. "Binadamu anakula samaki aliyechachishwa, anasifu. Samaki akila mkate uliochachishwa, ni dhambi?"

Baba alikohoa kuficha kicheko. Nikaona upenyo.

"Njooni mpime."

Pembeni mwa bwawa nilikuwa na kizimba kidogo cha wavu. Baba alikidhani mchezo tu wa chuoni ninakosoma. Kwa miezi miwili sato wa humo walikuwa wamekula chakula changu tu: uji wa pipa uliochanganywa na pumba, ukapitishwa kwenye mashine ya kusagia nyama, ukakaushwa juani juu ya paa. Nilitoa kumi, nikaweka kwenye mizani. Baba mwenyewe akavua kumi wa bwawani, wa umri uleule, waliolishwa cha dukani.

Sindano ilisimama karibu palepale.

"Hawajazidi," Ami akasema.

"Hawajapungua pia," Baba akajibu taratibu. Alimfungua mmoja mashavu, akatazama wekundu wa matamvua, akamrudisha majini kwa mikono miwili. "Na hawa wamekula makombo."

"Makombo na pumba, Baba."

Ami alianza kukunja futi kamba, kisha akasita, akilisubiri neno la kaka yake. Baba alinigeukia.

"Sasa unataka nini, binti?"

"Nilifikiri labda... kama Ami hana haraka... ningeweza kusaidia kidogo..."

"Rawya. Nakuuliza unataka nini."

Mikono yangu ilinuka hamira. Sikuificha.

"Nataka bwawa, Baba. Usimpe Ami. Nipe mimi, niliendeshe mwenyewe."