Goti la Fundi Vigae

Baba alishuka ngazi kinyumenyume, mikono yote miwili imeng'ang'ania reli, kama mtu anayeteremka kisimani. Vipandio vilikuwa kumi na vinne. Binti yake, aliyesimama chini na mfuko wa machungwa mkononi, alijua asithubutu kupanda kumsaidia. Alitazama kisigino kikipapasa hewa, kikapata kipandio, kikatulia. Kisha akasikia goti la kushoto likisaga, mlio mkavu wa mchanga chini ya kiatu.

Kwa miaka thelathini na minne mzee huyo alitandika vigae. Alipiga magoti katika mabafu, majiko na korido za ofisi ambazo hakurudi kuzikanyaga. Wenzake walimwita Pima, kwa kuwa hakuamini jicho la mtu, hata lake mwenyewe. Goti lilipomshinda, daktari wa mifupa alimpangia tarehe ya kuwekewa la bandia. Mzee alikuwa ameshafungasha begi la hospitali.

Binti ndiye aliyemzuia.

Wakati ule alikuwa na mwaka wa pili katika maabara iliyochunguza protini moja ambayo mwili hujitengenezea ili kutuliza uvimbe. Katika kiungo kilichochakaa uvimbe haukomi. Hula gegedu taratibu, ule utando laini unaozuia mfupa usisuguane na mfupa. Waliidunga protini ile kwenye magoti ya sungura, na gegedu likasalimika. Siku aliyoliona kwa hadubini, jeupe na laini, alimpigia baba simu hata kabla hajavua glavu.

"Baba, usikubali kupasuliwa. Subiri dawa yetu. Miaka miwili tu."

"Wewe ndiye unayejua, mama," alisema baba, akarudisha nguo kabatini.

Miwili ikawa minne, minne ikawa sita. Mzee alisubiri bila kunung'unika, akijigamba kwa kila aliyemuuliza hali: "Binti yangu ananitengenezea goti." Mwaka wa tano moyo ukaanza kumsumbua, na daktari akasema kwamba sasa dawa ya usingizi ingeweza kumuua kwenye meza ya upasuaji. Upasuaji ukawa hadithi.

Juzi matokeo ya majaribio kwa binadamu yalitoka. Protini ilikuwa imefanya kazi. Maabara nzima ilishangilia. Profesa wao, mtu asiyecheka hata akitekenywa, aliwakumbatia mmoja mmoja. Binti naye alipiga makofi, macho yameganda kwenye mstari mmoja wa ripoti: nafuu ilionekana kwa wagonjwa ambao gegedu lao lilikuwa bado lipo.

Waliketi jikoni. Baba akaanza kumenya chungwa.

"Nimekuja na habari, baba. Dawa imefanya kazi."

Uso wa mzee ulichanua. "Si nilisema! Nadungwa lini?"

"Siyo wewe, baba. Inatuliza uvimbe ili gegedu lisiendelee kuliwa. Lililokwisha kuliwa hairudishi. Goti lako limebaki mfupa kwa mfupa."

Kisu kilisimama. "Basi nimechelewa. Ningedungwa miaka ile sita iliyopita, ingenifaa."

Baba alikuwa amemfungulia njia ya kutokea, tena bila kujua. Angeitikia tu, lawama ingeiangukia miaka. Binti mwenyewe alishaipita njia hiyo mara nyingi: hatukujua, utafiti ni kazi ya polepole. Lakini aliikumbuka picha ya eksirei ya goti la baba aliyoiinua dirishani wakati ule. Ule mwanya mweusi unaotenganisha mifupa haukuwepo; gegedu lilikuwa limeshakwisha. Hata kwa sungura, waliodungwa mapema ndio waliopona. Yote hayo aliyajua. Alichotaka ni kwamba awe yeye, siyo daktari mgeni mwenye msumeno, atakayemsimamisha baba yake.

"Hapana," alisema. "Hata wakati ule isingekufaa. Niliona kwenye picha. Nilijua, baba, nikajifanya sijui."

Mzee alilaza ganda la chungwa ukingoni mwa meza, akalisogeza kwa kidole mpaka likakaa sambamba na ubao.

"Ungeniambia," alisema, "ningekwenda hospitali wiki ileile. Leo ningekuwa nakwenda sokoni kwa miguu yangu."

"Najua. Nisamehe, baba."

Baba alimtazama kama alivyokuwa akimtazama fundi aliyekata vibaya kigae cha mwisho, dukani hakuna kingine.

"Kuna mwenzangu wa kazini, yule Mrefu," alisema. "Ana miaka arobaini na moja. Analalamika magoti yanamfura kila akitoka kazini. Huyo bado analo hilo gegedu?"

"Huenda analo. Tunaandikisha wagonjwa wengine, ila lazima apigwe picha kwanza."

"Mpigie. Mwambie yote, hata yasiyopendeza. Na usimwahidi miaka."

Akamtajia namba kwa kichwa, tarakimu moja moja, uso ameugeuzia dirishani. Simu iliita mara nyingi. Ilipopokewa, mashine ya kukatia vigae ilikuwa ikivuma upande wa pili, na Mrefu akapiga kelele kwamba hasikii kitu, nani mwenzangu?

Binti alifunua mdomo, akaufumba. Akasubiri mashine inyamaze.