Mwali wa Ruhuwiko

"Bonyeza tena, mama."

Somoe akabonyeza. Kioo cha ile mashine ya benki ya kusoma vidole kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Taa nyekundu ikawaka, kimlio kikalia, na foleni nyuma yake ikaguna.

"Jaribu kingine. Hicho cha pembeni. Usikandamize sana."

Akatoa cha pembeni, akatoa cha kati, akahamia mkono wa kushoto. Vidole vya Somoe vilikuwa vyeusi nchani, vikavu, vinang'aa kama mbegu za ukwaju. Mafuta ya ganda la korosho ndiyo yaliyovifanya hivyo. Yakikurukia leo unaungua, kesho ngozi inabanduka, keshokutwa inaota nyingine, nayo inaungua. Miaka ikienda, ngozi inachoka kuota na mistari yake. Inaota tupu.

Binti wa benki alikuwa anaitwa Evaline, jina limebandikwa kifuani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amemwamkia shikamoo kwa adabu, amempa kiti, tena alikuwa akimfuta vidole kimoja kimoja kwa pamba yenye spiriti, kama nesi.

"Mfumo haukusomi, mama."

"Basi nisome wewe. Si mimi huyu hapa?"

Watu wawili watatu kwenye foleni wakacheka. Evaline naye akatabasamu, kisha akakumbuka alipo, akairudia pamba yake.

Somoe akakisukuma mbele kitambulisho chake cha manispaa, kile cha wenye nafasi sokoni. Kilikuwa kipya, kimetiwa plastiki, na picha imetoka vizuri: ushungi, jicho moja dogo kuliko lingine, yeye mwenyewe kabisa. Chini yake jina, mtaa anaokaa, Ruhuwiko, na kazi yake: korosho.

"Mwanangu, gari la matangazo limezunguka sokoni mpaka tumechoka kulisikia. Benki zote ni lazima zipokee kitambulisho cha manispaa. Ni lazima, si ombi. Na nyie wenyewe mmebandika pale."

Kweli ukutani palikuwa na bango. Mwanamke mnene mwenye meno meupe ameshika kadi kama ile, na maandishi makubwa chini: HAPA TUNAPOKEA.

"Tunapokea, mama," Evaline akasema. "Nimeshakitolea kopi, iko kwenye faili lako. Agizo tumelitimiza. Lakini akaunti inafunguliwa kwa kidole, kilingane na kile ulichotoa kwenye kitambulisho cha taifa."

"Na hiki cha manispaa kinafungua nini?"

Evaline akatazama skrini yake, akabofya kitu, akatazama tena.

"Ngoja nimwite bosi."

Kidole cha kitambulisho cha taifa Somoe alikitoa zamani, huko Nalasi, mumewe Salum akiwa hai. Wakati huo korosho zao waliziuza na maganda yake, kwa magunia, na vidole vyake vilikuwa vya mkulima tu, vigumu lakini vya mtu. Salum alipofariki, shemeji zake walikuja na mapanga kusafisha mikorosho, wakasafisha wakasafisha mpaka mikorosho ikawa yao. Somoe akafungasha sufuria na kikaango cha matundu, akapanda basi la Songea na mwanawe Bakili, wakati huo wa darasa la saba. Sasa Bakili ni mtu mzima, yuko machimboni, simu yake inapatikana akipenda yeye. Na Somoe amekuwa mama wa korosho pale karibu na bomba la soko, anachoma, anabangua, anafunga kwenye vipakiti. Walimu na maofisa waliohamia mjini wanamjua. Wakisafiri kwenda kwao, zawadi wanachukua kwake.

Alikuwa na nafasi ile tu, hana kitu kingine hapa duniani.

Sasa lilikuwa limejengwa soko jipya, na amri imetoka: kila mwenye kizimba alete namba ya akaunti. Ushuru benki, kodi benki, hela za mkononi basi. Asiye na akaunti hapati ufunguo. Soko la zamani, bomba na kila kitu, linavunjwa.

Meneja aliyetoka kumwona alikuwa kijana, Brayson, shati limenyooka hata mgongoni. Akamgeuza Somoe viganja, akavitazama kwa karibu.

"Kwa nini huvai glavu?"

"Nikivaa glavu sizisikii korosho, baba. Zinavunjika. Wewe ukija kununua unataka nzima au vipande?"

"Nzima," Brayson akakubali. Kisha akasema kwa upole, kama anayempa dawa: "Mafundi wa saruji wanapata shida hii hii. Wanapumzisha mikono, wanapaka mafuta, alama zinarudi. Na wewe pumzika mama. Usishike korosho kabisa mpaka ngozi irudi, halafu uje."

"Na hiki kitambulisho?"

"Njoo nacho pia."

*

Somoe hakuwa mjinga wa soko. Kabla ya kupumzika alikwenda kwa Kajetani, msimamizi wa soko, akamkuta anakunywa chai ya mkandaa kwenye benchi la mama ntilie. Akamweleza yote. Nafasi yake itakuwaje?

"Mama Bakili, afya kwanza," Kajetani akasema, akimwonyesha mkono wenye chapati. "Nenda kavitibu vidole vyako. Mimi si nipo?"

"Honorata atanifungulia asubuhi, auze zile zilizobaki, ili pasionekane pamelala."

"Sawa kabisa. Wewe nenda."

Honorata alikuwa jirani yake wa sokoni, Mngoni wa upande wa Peramiho, muuza dagaa wa Nyasa, mdomo haujui kufunga. Akafungua meza mbili kila asubuhi, yake na ya Somoe, na jioni akapitia Ruhuwiko kuleta kilichopatikana na maneno ya sokoni.

Na Somoe akakaa ndani.

Hakufua. Hakuosha sufuria. Jirani alimchotea maji, mwingine alimpikia ugali. Asubuhi na jioni alipaka mafuta ya nazi, akavifunga vidole kwa vitambaa vya kanga kuukuu, akakaa mlangoni ameweka mikono mapajani, viganja juu.

"Jamani, njooni mumwone mwali!" Honorata alipiga kelele jioni ya kwanza, nyumba nzima ya wapangaji ikatoka. "Uzee wote huu ndio anawekwa ndani! Wayao nyie, kwenu unyago unaisha lini?"

"Nyamaza, mtani. Nikitoka nitacheza ngoma juu ya kichwa chako."

"Utatoka na mahari ya nani?"

"Benki wanilipie. Ndio walioniweka ndani."

Wakacheka mpaka Honorata akakaa chini. Lakini maneno ya mwali yakashika. Watoto wa wapangaji wakipita wakawa wanasema, "Shikamoo mwali," naye anaitikia marahaba, kwa sababu ni kweli alikuwa hajawahi kukaa hivyo, mikono mitupu, tangu alipotolewa unyago kule Nalasi akiwa hata maziwa hayajakomaa.

Mwanzo vidole viliwasha. Halafu viliganduka magamba meusi kama ya ukoko wa wali. Chini ya magamba ngozi ya waridi, laini, tupu. Somoe akaitazama, akakata tamaa, akapaka mafuta. Akiba ikaisha, akala cha jirani, akapaka mafuta. Kisha asubuhi moja, jua limeingia upande ule wa mlango, akakigeuza kidole gumba cha kulia akaona kitu. Akakisogeza karibu na jicho lake kubwa. Mistari. Myembamba kama uzi wa buibui, inazunguka, inazunguka, inaingia katikati.

"Alhamdulillahi," akasema taratibu. Akakitazama kile kidole kwa muda mrefu, kama mtu anayemtazama mtoto aliyerudi.

*

Taa ya kijani ikawaka.

Evaline mwenyewe alipiga makofi. "Mama, umesomeka!"

Akajaza, akabofya, akamkabidhi karatasi yenye namba. Akamweleza pia, haraka haraka maana foleni ilikuwa ndefu: akaunti hii ni ya wafanyabiashara wadogo, haina kadi ya mashine, haiunganishwi na simu ila kwa ujumbe tu. "Kila ukija kutoa, unakuja dirishani na kidole chako. Hicho hicho. Kitunze."

"Nitakitunza, mwanangu."

Alipotoka nje alikuwa ameikunja ile karatasi ndani ya kitambulisho cha manispaa, vyote amevishika kifuani. Bodaboda wakamwita, hakupanda. Alitembea mpaka soko jipya, vidole vyake vimenyooka, asije akavigonga popote.

Vizimba vilikuwa vimepakwa rangi, milango ya chuma, harufu ya saruji bado. Akapita akitafuta. Karibu na bomba jipya akakuta kizimba wazi, na ndani yake mafungu ya korosho ghafi, jiko jipya, mizani. Mwanamke aliyevaa suruali na miwani ya jua kichwani alikuwa akipanga vipakiti tupu.

"Karibu, mama. Korosho bado, keshokutwa ndio tunaanza."

Kajetani alitokea nyuma akiwa na rundo la funguo.

"Ah, Mama Bakili. Umepona?"

"Nimepona. Namba hii hapa." Akafunua karatasi. "Nimekuja kuchukua ufunguo."

Kajetani hakuipokea karatasi. Akajikuna shingoni kwa ufunguo.

"Kuna tatizo dogo limejitokeza. Kamati ya uhakiki ilipita soko la zamani. Ikakuta pale kwako anauza mtu mwingine."

"Honorata! Si nilikwambia? Si ulisema sawa?"

"Mimi nilisema sawa kibinadamu. Kamati inaangalia kanuni. Kanuni inasema mtu mwingine akiuza mahali pako, umekodisha. Kukodisha ni kosa, nafasi inarudi manispaa."

"Sijakodisha kwa mtu! Nilikuwa naota vidole!"

Yule mwanamke mwenye miwani akageuka kumtazama. Kajetani akashusha sauti.

"Mama, tusipigishane kelele mbele za watu. Ungefunga kabisa, usingekuwa na kosa la kukodisha."

"Ningefunga, je?"

"Ungefunga... hapo ingekuwa umetelekeza." Akanyoosha mkono. "Na hicho kitambulisho nakiomba. Ni cha mwenye kizimba."

Somoe akakishika kwa mikono miwili. Kajetani hakumnyang'anya. Alisubiri tu, mkono umenyooka, mpaka watu waliopita wakaanza kusimama. Kisha akakivuta taratibu kutoka kwenye vile vidole vipya, visivyokuwa na nguvu. Karatasi ya benki ikabaki.

"Shemeji," yule mwanamke akamwita Kajetani kutoka ndani, "huyu si ndiye yule mama wa korosho uliyenisimulia? Mbona unamwacha aondoke? Mimi nani atanibangulia?"

*

Fortunata, ndilo jina la yule mwenye miwani, hakuwa bosi wa matusi. Chai ya asubuhi alitoa. Alimpa Somoe kigoda nyuma ya kizimba, kwenye moshi, na debe la korosho zilizochomwa. Wateja wa zamani walipita, wakamwona, wakafurahi: "Mama, kumbe umehamia huku! Umepata pazuri!" Naye aliitikia, na Fortunata akapokea hela kwenye mashine.

Honorata alikuja mara moja, akasimama na beseni lake la dagaa kichwani. Safari hii hakuja na utani.

"Mtani, mimi ndiye niliyekuponza."

"Wewe ulinifungulia meza. Nenda kauze."

Majivu alipaka kwanza mikononi ili kuzuia mafuta ya ganda, kama zamani. Lakini ngozi ya waridi haikujua majivu. Mafuta yalipita humo humo. Kabla ya juma kwisha vidole vilikuwa vimevimba, vikaanza kubanduka, na kile kidogo cha kulia kikawa tayari cheusi, kinang'aa.

Siku ya mshahara simu yake ililia kwenye pindo la kanga. Fortunata naye alikuwa ameshika ya kwake, anatabasamu.

"Umeona? Nimekuwekea benki. Shemeji kasema humu hela za mkononi marufuku. Umebahatika, wewe akaunti unayo."

Somoe hakuufungua ule ujumbe. Akakigeuza kidole gumba kwenye mwanga wa mlango. Pembeni pote palikuwa pameungua. Katikati ilikuwa imebaki mistari michache, imekatika katika, kama matuta ya shamba lililopitiwa na mafuriko.

"Dada Fortunata," akasema, "naomba ruhusa nikimbie benki. Sasa hivi. Kabla hakijaisha."

"Kabla hakijaisha nini?"

Somoe akamwonyesha kidole. Fortunata akakitazama bila kukiona, maana mteja alikuwa amesimama mlangoni anauliza bei.

"Malizia hilo debe kwanza," akasema. "Benki haikimbii."

Debe lilikuwa halijafika hata nusu. Somoe akaketi. Akakikunja kidole gumba ndani ya kiganja, akakifunika, akachukua korosho kwa vidole vinne, akaigonga. Ikateleza. Ikaanguka chini, ikapasuka vipande.

Fortunata akageuka. "Shika vizuri, mama. Watu wanataka nzima."

Somoe akakikunjua kidole, akachukua nyingine.