Ejok Si Jibu

Mimi sina ugomvi na Mugure kama mtu. Ugomvi wangu ni na masikio yake, yale aliyokwenda nayo Kakuma akarudi nayo Lodwar bila kusikia kitu.

Kundi letu la mwaka wa mwisho lilikuwa la watu watatu: Mugure, msichana wa Nyahururu, ndiye kiongozi; Odongo, fundi wa slaidi; na mimi Akoru, Mturkana mzaliwa wa hapa hapa, nyumbani kwetu Lorugum. Chuo kilitupa mteja wa kweli tumshauri, kampuni moja inayoweka vibanda vya maji vya kadi. Unajaza pesa kwenye kadi, unaigusisha kibandani, maji yanatoka. Walikuwa wameshaviweka Kakuma mjini, kwa wenyeji, na sasa walitaka tuwaambie kama watu wameridhika. Watu wakiwa wameridhika, kampuni inasonga hadi Lorugum. Na ikifika Lorugum, ile pampu ya mkono, ya bure, inafungwa, maji yote yapitie kibandani.

Pampu hiyo ndiyo mama yangu ananyweshea mbuzi. Basi usiniulize hasira zangu zilitoka wapi.

Kakuma tuligawana mitaa. Mimi nilichukua upande wa laga, ule mto mkavu wa mchanga, wenzangu wakachukua sokoni, kila mtu na simu yake ya kubofyia majibu. Huko kwangu watu walilalamika mpaka mate yakawakauka. Kadi zinapotea. Kibanda kikiharibika, fundi anangojwa mpaka watu wanarudi kuchimba maji kwenye mchanga wa laga. Mama mmoja alinishika mkono akaniuliza, "Binti yangu, na mbuzi wangu naye atapewa kadi?" Nilicheka kwa aibu.

Sasa imefika siku ya mwisho kabla ya kuwasilisha. Tumejifungia darasani Lodwar tukifanya mazoezi, feni inazungusha joto lile lile, na Odongo anafungua slaidi ya nne. Herufi kubwa, rangi ya kijani: ASILIMIA 91 WAMERIDHIKA.

"Ala! Hii imetoka wapi?" nikauliza.

"Kwa data," akasema Mugure.

"Data gani? Watu wangu nusura walie."

"Watu wako walikuwa wachache, Akoru. Sisi tulihoji soko nzima."

"Na wakakwambia wameridhika? Kwa midomo yao?"

"Nilikuwa nawauliza, 'Maji ya kibanda iko aje?' Wanasema ejok. Wote! Ejok, ejok, ejok. Si ni wewe ulitufundisha ejok ni poa?"

Nilitafuta kiti nikaketi. Ni kweli, mimi ndiye niliyewafundisha, siku yao ya kwanza hapa, ili wasipite watu kama mawe. Niliwafundisha salamu. Sikujua kuna mtu angeigeuza kuwa hesabu.

Kwetu ukiulizwa hali unasema ejok. Ukame umemaliza mifugo, ejok. Mtoto anachemka homa, ejok. Kwanza ejok, halafu mnatulia, mnatazamana, ndipo habari zenyewe zinaanza kutoka moja moja. Na si sisi peke yetu. Hata Mswahili wa pwani, mgonjwa kitandani, ukimuuliza hujambo atakwambia sijambo, kisha ndipo akueleze anavyoumwa. Nani asiyejua hilo?

"Walipokwambia ejok," nikamuuliza Mugure, "ulifanya nini?"

"Nikabofya 'ndiyo', nikaenda kwa mwingine."

"Hukungoja?"

"Ningoje nini na mtu ameshajibu?"

"Hawakukujibu, Mugure! Walikusalimia!"

Odongo akaangua kicheko, kisha akaniona uso, akakimeza.

Mugure alifunga macho. Alikuwa amechoka, hilo lilionekana, na kampuni ilikuwa imedokeza kwamba atakayewasilisha vizuri huenda akapata kazi. "Akoru, tafadhali," akasema. "Ni kesho. Nikitoa hiyo slaidi tunabaki na nini? Nembo ya chuo?"

"Tunabaki na ukweli."

"Ukweli haupewi maksi kama hauna grafu."

Haki ya Mungu, ningekuwa na kikombe mkononi ningekipasua. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini mimi nilikuwa nimeamua kuambia mtu. Nikawaburuta hadi kwa mwalimu wetu, madam Chepngetich. Alinisikiliza vizuri, kalamu kidevuni.

"Una uhakika, ama ni hisia?" akaniuliza.

"Madam, ni lugha yangu."

"Lugha yako si ushahidi, Akoru. Na hakuna muda wa kurudi Kakuma. Andikeni kwenye mapungufu ya utafiti."

Basi ukweli wetu ukazikwa huko, slaidi ya mwisho kabisa, kwa maandishi ya kumtafutia mtu miwani: "Baadhi ya majibu huenda yaliathiriwa na utamaduni." Utamaduni! Ungedhani ni mafua.

Kesho yake tulikuwa kwenye ukumbi wa hoteli, tumevaa nguo za kuazimana. Meneja wa kampuni, Bwana Opondo, aliingia akisalimia meza hadi meza kwa sauti ya kanisani. "Ejok! Ejok! Ejok!" Watu wakafurahi, wakampigia makofi kwa neno moja tu.

Mugure aliwasilisha vizuri, siwezi kumnyima hilo. Hakutetemeka, hakusoma. Slaidi ya nne ilipotokea, Bwana Opondo alitoa simu akaipiga picha, kisha akaipiga tena. Baada ya hapo hakutazama tena ukutani. Ilipobaki slaidi ile yangu, akainuka akipiga viganja.

"Vijana, hongereni. Mmetupa tulichotaka. Twendeni tunywe chai."

"Bado slaidi moja," nikasema.

Nilikuwa nimeshasimama. Mugure alinivuta sketi kwa nyuma, nikautoa mkono wake.

"Bwana Opondo, shikamoo. Hao watu hawakusema wameridhika. Walisema ejok, na kwetu ejok si jibu. Mtu akikwambia ejok amekusalimia tu, habari bado ziko tumboni. Ungoje, ndipo atakwambia. Sisi hatukungoja. Naomba, kabla hamjafunga pampu ya Lorugum, mrudi Kakuma muulize upya, mkae chini, mngoje."

Madam Chepngetich alikuwa anatazama viatu vyake. Bwana Opondo alinisikiliza kichwa upande, anatabasamu, kama mzazi anayesikiliza mtoto akikariri shairi siku ya kufunga shule.

"Wewe ni Mturkana?"

"Ndiyo."

"Nyumbani wapi?"

"Lorugum."

"Lorugum! Basi si wewe ndiye wa kwanza kufurahi? Tunawaletea maji safi mpaka mlangoni." Akawageukia watu. "Mnaona vile wasichana wa hapa wana ujasiri? Dada, nimekusikia." Akaniinulia kidole gumba. "Ejok!"

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nilibaki nimesimama, nikingoja aendelee, maana baada ya ejok huwa kuna neno. Yeye alikuwa ameshafika kwenye birika la chai.

Pale pale kwenye chai, na maandazi mdomoni, nilimsikia akimwambia msaidizi wake kwamba mafundi waende Lorugum mwezi ujao, waanze kwa kuifunga pampu. Hakunong'ona hata. Mugure akanijia na sahani ya sambusa, akanisogezea.

"Pole," akasema. "Lakini tumepita. Madam ameniambia."

"Hongera," nikamjibu, na sijawahi kutukana mtu vibaya kuliko hivyo.

Nikatoka nje barazani. Upepo ulikuwa unapiga vumbi, nikakaza macho nisilie mbele ya walinzi. Simu ikaita. Alikuwa mama. Alijua ni leo. Wiki nzima alikuwa akiwaambia majirani kwamba Akoru wake ndiye atakayesema na watu wa maji, na kwamba Akoru akisema watasikia.

"Ejok?" akaniuliza.

"Ejok," nikasema. Mdomo ulitamka wenyewe.

Mama hakukata simu, wala hakuuliza la pili. Nyuma yake mpini wa pampu ulikuwa unalia juu na chini, na mbuzi wakisukumana wakipigania birika la kunywea. Alinyamaza tu, ananisikiliza ninavyohema. Siku hiyo yote, ni yeye peke yake aliyejua kungoja, na mimi sikujua nianzie wapi.