Kamba za Viatu

Wake wa marubani wa kambi ya jeshi la anga pale Eastleigh walikuwa na mwiko wao: ovaroli ya kurukia haifuliwi mume akiwa na safari mbele. Ukiifua, walisema, umemwosha yeye mwenyewe kama maiti. Basi ovaroli ya Mulwa ilining'inia nyuma ya mlango ikinuka mafuta na jasho, ikingoja likizo, na Nthenya hakuigusa.

Asubuhi ya kupimwa moyo, mwaka wa sabini na nane, Mulwa alimwambia mkewe wakishuka ngazi, "Daktari huyu mpya huwauliza wake. Sema nalala vizuri, nakula vizuri. Basi."

"Na kile kifua?"

"Kifua gani? Mama Kanyiva, unataka wanikalishe ofisini nipige mihuri?"

Roseline, jirani wa chini, aliacha kufagia. "Rubani, mbona mmependeza hivyo? Kuna harusi?"

"Ya moyo wangu!" Mulwa alimjibu, akicheka kupita kiasi.

Kambini walimlaza, wakambandika nyaya kifuani. Mashine ikachora mistari yake. Daktari Wanyoike akaikagua karatasi.

"Ukiwa umelala huna neno. Ukipanda ngazi je, kifua kinabana?"

"La, afande."

Daktari akamgeukia Nthenya. "Mama, nyumbani hali ikoje?"

Mulwa alimtazama mkewe kama siku ile alipokuja kumposa. Akilini Nthenya aliiona helikopta ya mumewe ikiporomoka, na vijana wa watu wamo ndani.

"Akipanda kwetu husimama katikati ya ngazi," alisema. "Huinama kufunga kamba za viatu."

"Hilo si kosa, mama."

"Hata akivaa kandambili, daktari."

Hakuna aliyecheka. Mulwa aliamriwa apande na kushuka kingazi cha mbao mpaka jasho likamtiririka, kisha akalazwa tena. Safari hii mistari ya mashine ilizama.

"Damu haiufikii moyo vizuri," daktari alisema kwa upole. "Hutaruka tena."

Walirudi nyumbani. Katikati ya ngazi Mulwa alisimama. Hakuinama. Aliegemea ukuta akahema waziwazi, Roseline akimwona. Nthenya akamshika kiwiko; Mulwa akakichomoa.

Ndani, aliitwaa ovaroli nyuma ya mlango, akaitupa miguuni pa mkewe.

"Fua."

"Baba Kanyiva, nilitaka uishi."

"Nimesikia. Fua."

Nthenya akajaza karai maji. Povu likawa jeusi. Mulwa akavuta kiti karibu, akaketi kutazama.

"Na kwapani," alisema. "Osha vizuri."