Sauti Juu ya Ukuta wa Bafu

Eikichi hakuwahi kumshinda binti yake, Nobuko, kwa ubishi tangu binti huyo alipoanza kusema, lakini safari hii alikaza uzi. Nobuko alikuwa amempatia mama yake, Fusae, nafasi katika nyumba ya kutunzia wazee kule mjini, na walitakiwa kumpeleka kesho yake asubuhi. Eikichi akasema sawa, ila kwanza tupitie kwenye chemchemi ya maji moto. Ndiyo maana jioni ile walikuwa mlangoni mwa hoteli ya mbao, bondeni, theluji imepanda mpaka usawa wa madirisha. Yeye na Fusae walikuja hapa walipooana, na baada ya hapo walirudi karibu kila majira ya baridi.

"Akinijua hapa, narudi naye nyumbani," alisema huku akihangaika na kamba za viatu. "Na wewe utafunga mdomo."

"Baba, hajakujua hata mara moja tangu majani yaanze kupukutika. Juzi kakuitia mwizi."

"Nyumbani taa mbovu. Hapa maji yatamkumbusha."

"Eti maji!" Nobuko akaguna, kisha akamtazama baba yake akichuchumaa pale na moyo ukamlainika. "Haya. Akikujua nitamrudisha mwenyewe, na neno sitasema. Sasa vua hivyo viatu, unawazibia watu njia."

Fusae alisimama kando akimtabasamia mhudumu, akayatabasamia hata makubadhi ya wageni. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemnyang'anya karibu kila kitu isipokuwa adabu.

Mabafu yalikuwa mawili, pazia la buluu la wanaume na jekundu la wanawake. Ukuta wa mbao uliyatenga, lakini haukufika darini, na enzi zake Eikichi alikuwa kero ya hoteli nzima kwa sababu ya upenyo ule. Alikuwa fundi lipu, amezoea kupiga kelele kutoka juu ya majukwaa, na kila alipomaliza kuoga alimwita mkewe juu ya ukuta: "Fusae! Natoka!" Wageni walicheka, na Fusae, kwa aibu zake zote, hakukosa kumjibu.

Leo alikuwa peke yake upande wa wanaume. Alikaa kwenye kibao, akajisugua, akajimwagia maji, kisha akajitumbukiza majini mpaka shingoni. Upande wa pili alisikia Nobuko akimwelekeza mama yake taratibu, mguu huu, sasa huu. Eikichi akaahirisha kuita. Ukweli ni kwamba aliogopa. Akiita asiitikiwe, atakuwa amekwisha jua. Asipoita, bado atakuwa na kitu cha kutumaini. Alikaa majini mpaka kichwa kikaanza kumzunguka.

"Fusae!" Sauti ilikwaruza, akakohoa, akarudia kwa nguvu. "Fusae! Natoka!"

Maji yakachuruzika.

"Nimesikia, wewe!" Ilikuwa sauti ya Fusae, kali, yenye kicheko ndani yake. "Na hoteli nzima imesikia!"

Mzee wa watu alilia. Alilia bila kujificha, na akatoka majini haraka kuliko inavyofaa kwa umri wake. Alijifunga joho la pamba la hoteli na mkanda ukakaa upande, akaenda kusimama ukumbini mbele ya mapazia. Nobuko alitangulia kutoka, macho mekundu.

"Nimesikia, baba."

"Umesikia, eeh? Ulisemaje kuhusu maji? Hebu rudia!"

Fusae akatoka nyuma yake, nywele zimelowa, mashavu yameiva kwa joto. Eikichi alimwona mzuri, akataka kumwambia. Fusae alimpitishia macho, akaliangalia pazia la buluu, kisha akainama kwa heshima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti!" Eikichi akacheka kwa sauti. Alidhani ni utani.

"Samahani, mzee wangu. Humo ndani umemwacha kijana mmoja, fundi lipu? Ana sauti kubwa, hana haya hata kidogo. Ni mume wangu. Kasema anatoka."

Kicheko kikamkauka. "Fusae. Ndiye mimi."

Fusae alitabasamu kama mtu anavyomtabasamia mlevi, akamtafuta Nobuko kwa macho amsaidie. Eikichi akamshika mkono. Fusae akauchomoa, si kwa hasira.

"Tafadhali, mzee. Mimi ni mke wa mtu. Akitoka akatukuta hivi, nitamwambia nini?"

Walimbembeleza mpaka chumbani, wakimwambia samaki anapoa. Mlangoni akayaona masinia ya chakula yamepangwa mkekani, akageuka, akamwona mzee yule yule bado yuko nyuma yake. Akang'ang'ania mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Hakupiga kelele, alirudia tu kwamba haingii chumba cha mwanamume mwingine na mumewe yuko hapo hapo nje. Katika maisha yao yote Eikichi hakuwahi kujua kwamba mke wake alimtunzia uaminifu kiasi hicho.

Akaondoka, akaenda kukaa kwenye benchi la ukumbini ili Fusae apate kuingia. Baada ya muda Nobuko akamfuata.

"Ahadi ni ahadi," alisema. "Amekujibu, nimesikia kwa masikio yangu. Kesho nawarudisha nyumbani wote wawili."

"Arudi wapi? Nyumbani kwa mzee asiyemjua, amlilie mumewe kila siku na mimi nimekaa pale namtazama?"

"Baba, umeshinda."

"Mpeleke, Nobuko."

"Baba..."

"Nimesema mpeleke."

Nobuko akaketi akauficha uso. Fusae naye alikuwa ametoka chumbani, hajagusa chakula, anakuja polepole huku akiliangalia pazia la buluu.

"Mzee, hajatoka tu?"

"Bado," alisema Eikichi. "Anamalizia."

"Lakini umemwona? Ni mzima?"

"Nimemwona. Mzima kabisa. Kasema umsubiri."

Fusae akashukuru, akainama tena. Kisha akaketi kwenye benchi lile lile kumsubiri mumewe, akasogea mpaka mwisho kabisa, mbali na mzee yule.